Mlango wa Mama na Dumu la Mawese

Mwaka 2013, kiangazi, mama alinipigia simu kutoka Kasulu akaniambia niende nikachukue mizani. Mimi nilikuwa Kibondo, fundi cherehani mwenye meza yangu sokoni, na saa hiyo nilikuwa nimebana pini mdomoni nikimpima mteja kiuno. Nusura nizimeze.

"Mizani gani, mama?"

"Ya dukani. Nakuachia wewe. Kaka yako nimeshamwambia aje anichukue, nikakae kwake Dar."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mlango umenishinda."

Nikamfokea. Najua mzazi hafokewi, lakini hasira zangu sikuziokota barabarani, nimezirithi kwake. Nilifoka mpaka mteja wangu akashika suruali yake kwa mikono miwili akasogea pembeni. Mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ukimaliza, panda gari uje," akakata simu.

Lazima nieleze habari za huo mlango, la sivyo utaniona mwendawazimu.

Duka la mama lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, na katika safari zake aliona maduka ya mjini yenye milango ya bati inayojikunja juu, ile tunayoiita shata. Akaipenda. Akaleta mmoja, ukafungwa, na kwa miaka mingi mtaani kwetu hapakuwa na mwingine. Wenzetu walifungua milango yao ya mbao kimyakimya. Mama akifungua, krrrr, mtaa mzima unajua kumekucha. Alikuwa anachuchumaa kidogo, anashika mpini wa chini, anavuta mara moja, na mlango unapanda mpaka juu kana kwamba unakwenda kwa hiari yake. Kumbe siri ilikuwa springi zilizofichwa ndani ya boksi juu ya mlango. Mlango ukishuka zinajikaza, ukipanda zinasaidia kubeba. Lakini nani kwetu alijua habari za springi? Sisi tulijua mama ana nguvu.

Tena alikuwa na desturi yake. Akienda jikoni kusonga ugali, hafungi duka. Anaushusha mlango mpaka usawa wa kiuno, anauacha hapohapo. Haupandi wala haushuki. Mtaa wote ulijua maana yake: mwenye duka yupo, yuko jikoni, inama uite. Sisi tulipokuwa wadogo tulipita chini yake bila hata kuinama.

Baba alipofariki, ukoo ukakaa kikao. Kaka yangu, mkubwa wetu, anafanya kazi Dar na ana roho nzuri mpaka inakera. Akasema mama asibaki peke yake, auze kila kitu aende akapumzike kwake. Mama akasimama mbele ya mashemeji na mawifi wote, akaunyooshea mlango kidole. "Siku nitakayoshindwa kuuinua ule mlango kwa mikono yangu mwenyewe, nitafunga duka nikufuate. Kabla ya siku hiyo usinisumbue." Watu wakapiga makofi. Na mama tunamjua, akisema amesema. Ahadi ni deni, naye hajawahi kulala na deni la mtu.

Ndiyo maana simu ile ilinichoma moyo. Mama bila duka angekuwa nani? Huko Dar angekaa kwenye kochi la mkwe wake, anaangalia tamthilia asizozielewa, anasubiri kuulizwa kama ameshiba. Niliogopa, na mimi nikiogopa nafoka.

Nikapanda gari. Barabara ya Kibondo hadi Kasulu wakati ule ilikuwa vumbi tupu, nikashuka nikiwa mwekundu mpaka kope. Jua lilikuwa limeshapanda lakini duka la mama lilikuwa bado limefungwa. Wanawake wa jirani wakaniamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kwa sauti ya msibani. Mmoja akanisogelea sikioni. "Siku hizi mama yako anafungua saa tano. Uzee, mwenzangu."

Nilimkuta uani anachambua maharage. Hakuwa amekonda, wala macho yake hayakuwa yamepungua ukali. Lakini chumbani kwake nilikuta sanduku la safari limeshapangwa, vitenge vimekunjwa vizuri, na picha ya baba imelazwa juu kabisa. Machozi yakanitoka palepale.

"Nimekwenda mpaka hospitali ya Kabanga kupimwa mikono," akaniambia nilipotoka. "Wamesema mifupa mizima, wakanipa dawa ya kuchua. Nachua, lakini wapi. Alfajiri navuta mlango, hausogei. Nauacha mpaka jua likiwaka, unapanda kwa taabu. Ni uzee, mwanangu. Tusidanganyane."

Kesho yake nikamwambia aniachie mimi. Asubuhi ya kiangazi Kasulu inauma, ukipumua unaona moshi. Nikashika mpini, nikavuta. Wapi! Nikapanga miguu vizuri, nikavuta tena mpaka nikasikia kitu kinalia, na hakikuwa mlango, kilikuwa mgongo wangu. Nikaupiga teke. Nikautukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoisha nikahamia Kiha. Mlango kimya.

Mama akanitazama kwa huruma. "Umeona? Na wewe umeanza kuzeeka."

"Mama! Mimi bado mbichi!"

Saa tano jua likaupiga mlango usoni. Nikajaribu tena. Ukapanda. Mzito, unayumba, upande wa kushoto unabaki nyuma, lakini ukapanda. Hapo nikasimama nikafikiri. Mikono ya mama haiwezi kuwa mizee alfajiri halafu saa tano ikawa ya kigori. Nikapitisha kidole kwenye reli ya pembeni, pale mlango unapoteleza. Kidole kikarudi na utando mzito wa rangi ya machungwa. Nikaunusa.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta!" Akakasirika, kana kwamba nimemuuliza maji gani. "Mawese. Kwani mafuta ni nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisi watu wa Kigoma, mawese ni mboga, ni dawa ya ngozi, ni ya bawaba, ni ya mnyororo wa baiskeli. Kule chini ziwani kwenye joto labda mtu anaweza kusalimika. Lakini huku kwetu juu, dumu la mawese likilala nje kiangazi, asubuhi unachota kwa kisu. Mama alikuwa anayamimina mlangoni mwezi baada ya mwezi. Mlango ukiwa mzito, anaongeza. Akiongeza, yanaganda, mlango unashikwa zaidi, naye anaongeza tena. Sisimizi walikuwa wamehamia mle na ukoo wao wote. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha mama kilikuwa kwenye dumu lake mwenyewe la kupikia.

Tukaufua mlango kwa mafuta ya taa na matambara, reli zote mbili, mpaka bati likaonekana. Mimi nilikuwa naimba. Alfajiri iliyofuata mama akavuta, na mlango ukasogea! Ukafika magotini, ukafika mapajani, ukagoma. Mama akakazana mpaka akashindwa, akauachia ukashuka kwa kishindo, kidogo umkate vidole vya miguu.

"Basi," akasema. "Mawese yametoka, uzee umebaki."

Akaingia ndani, nikamsikia anapenga kamasi. Kaka alikuwa ameshakata tiketi.

Nikakaa pale dukani nimenuna. Mimi nusu ya maisha yangu nimepigana na kaspringi kadogo ka kwenye cherehani, kale kanakobana uzi. Kakilegea, uzi unafungamana chini ya kitambaa, na mteja atalaumu kitambaa, atalaumu sindano, atanilaumu mimi. Hakuna anayekashuku, maana hakaonekani. Nikainua macho nikalitazama lile boksi juu ya mlango. Kisha nikaona mchi wa kinu umesimama kwenye kona ya duka.

"Mama! Mchi unafanya nini huku?"

"Wa kuegemezea mlango nikienda jikoni," akajibu kutoka ndani.

"Si ulikuwa unauacha kiunoni unakaa wenyewe?"

Akatokea, leso mkononi. Akafikiri. "Ulikuwa unakaa," akasema polepole. "Siku hizi haukai. Unateremka. Siku moja ulimwangukia kuku."

"Mlango ukiwa umekaa kiunoni, wewe unakuwa wapi?"

"Jikoni."

"Mikono yako iko wapi?"

"Kwenye mwiko."

"Sasa hapo aliyezeeka ni nani?"

Akanishika mkono akanivuta mpaka kwenye mizani. Juu ya sahani yake palikuwa na unga mwekundu. "Huu naufuta kila siku," akasema. "Nikajua ni vumbi la barabarani." Kasulu yote ni nyekundu, nani angeuliza? Nikalisugua kati ya vidole. Lilikuwa linakwaruza. Ilikuwa kutu, na ilikuwa inadondoka kutoka kwenye boksi, maana mizani ilikaa karibu na mlango, chini yake. Nikamkumbatia mama yangu, nikamwambia tuite fundi.

"Hapana."

"Hapana nini tena?"

"Niliapa kwa mlango huu. Fundi akiulegeza nikauinua kwa kidole, nitakuwa nimeinua nini? Nitakuwa nimemwibia kaka yako."

Ee Mungu nipe subira! Nilizunguka ua wote nikiongea peke yangu. Mwishowe nikarudi nikamuuliza kama anaukumbuka uzito wa mlango siku ile aliyoapa. Akasema mikono yake inaukumbuka. Nikamwambia basi tuurudishe uzito huohuo, usizidi wala usipungue, na yeye ndiye atakayepima. Hapo akakubali.

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mtaa wa pili, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wetu. Waha na Wanyamwezi utani wao hauna mpaka wala samahani. Alipoona matambara yenye mawese akashika kiuno. "Waha bwana! Kumbe mpaka milango mnaiunga!"

"Nyie je?" mama akamrudishia. "Mngepewa nyie mngeubeba kichwani mpaka pwani."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu nifike.

Tukauinua mlango sisi watatu mpaka juu kabisa, fundi akaukingia magogo mawili. Akatueleza kwamba springi zikiguswa mlango ukiwa chini, zikiwa zimejikaza, zinaweza kumvunja mtu mkono kabla hajaita mama yake. Mlango ukiwa juu zinakuwa zimelegea, na hata hivyo alilishika lile bomba la katikati kwa spana kubwa, akalifungua pole pole, na mimi nikaambiwa nikae mbali, mimi na domo langu. Ndani palikuwa na vikombe vya chuma, kila kimoja na springi yake bapa, imejikunja kama mkeka. Zile mbili za kulia zilikuwa zimeshika kutu na kulegea. Ya kushoto ilikuwa imekatika pale penye jicho lake, pale inaposhika bomba. Ilikuwa imekaa tu mle ndani, haibebi chochote.

Kipande kilichokatika kikaanguka. Mama akakiokota, akakiweka kiganjani, akakitazama sana.

"Kwa hiyo ni wewe," akakiambia, "uliyekuwa unaniita mzee."

Fundi akaiweka ncha ya springi kwenye makaa mpaka ikaiva, akatoboa jicho jipya, akaiacha ipoe taratibu kwenye majivu. Tulisugua kutu, tukapaka grisi kidogo. Dumu la mawese mama alilitoa dukani yeye mwenyewe akalipeleka jikoni. Vikombe vikarudi mahali pake, na kazi ikabaki kukaza. Fundi analizungusha bomba kwa spana, analifunga, tunatoa magogo, mama anaushusha mlango na kuuinua.

Mara ya kwanza ukaruka juu. "Mwepesi mno," mama akasema. "Punguza."

"Mama, wenzio wote wananiomba niongeze!"

"Mimi niliapa kwa mlango wa mume wangu, sikuapa kwa wako. Punguza."

Akapunguza. Mzito mno. Akaongeza kidogo. Mama akafumba macho, akavuta, akashusha, akavuta tena taratibu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sijui alikuwa anamwambia baba nini.

"Hapo," akasema. "Ndio huu."

Mimi nilitaka tuujaribu palepale kuuacha kiunoni. Mama akakataa. Alishadanganywa na jua mara moja, akasema, kiunoni kutajulikana alfajiri kwenye baridi. Tena kaka anafika leo, naye aone kwa macho yake.

Kaka akafika jioni, amechoka na safari, amebeba mikate ya Dar kana kwamba Kasulu hakuna ngano. Akaliona sanduku chumbani, bado limepangwa, maana mama alikuwa hajalifungua. "Umejiandaa mama, vizuri," akasema kwa upole. Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile yenyewe. Kaka alisimama nje mbele ya duka na koti lake la Dar lisilosaidia kitu, mimi pembeni yake, mtani wetu na kikombe cha kahawa, na wanawake wa jirani ambao ghafla wote walikuwa wameishiwa chumvi. Mama alikuwa ndani. Tulisikia kufuli. 

Krrrr.

Mlango ukapanda. Tukaona ndala zake, tukaona pindo la kitenge. Ukafika usawa wa kiuno, ukasimama.

Kaka akapumua kwa uchungu. "Mnaona? Umemshinda katikati." Akanigeukia, macho yamejaa maji. "Mama yetu amechoka, mdogo wangu."

Mimi nilikuwa naangalia ndala. Ndala zikageuka. Zikaondoka, taratibu, kuelekea jikoni. Na mlango ukabaki palepale hewani, bila mchi, bila mkono wa mtu.

Kaka hakuziona. Alikuwa ameshakimbia kwenda kumsaidia mama. Akainama chini ya mlango, akaingiza kichwa. "Mama!"

"Nani huyo?" sauti ikatoka jikoni. "Nakoroga uji. Unanunua nini?"

Kaka akabaki ameinama vilevile, nusu dukani, nusu barabarani. Nilimwona anavyoutazama ule mlango juu ya mgongo wake, kisha anautazama mlango wa jikoni. Alikuwa mtoto wa nyumba ile kabla yangu, ile alama aliijua kuliko sisi wote. Mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka aliposema.

"Chumvi, mama."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtani wetu akamwaga kahawa. Mama akaja akijifuta mikono, akashika mpini kwa mkono mmoja, akaumalizia mlango mpaka juu, akampimia mwanawe chumvi.

Kaka alikaa siku chache, akapiga soga dukani, akala dagaa na ugali wa muhogo mpaka mkanda ukagoma. Habari ya kuhama haikutajwa. Mama alilifungua lile sanduku, akatoa vitenge, akaitundika picha ya baba juu ya mizani. Nilipomuuliza, "Na mizani yangu je?" akanitolea macho. "Mizani gani? Rudi Kibondo ukashone."

Sanduku akalijaza maharage na karanga, akampa kaka alibebe. Akamkabidhi na dumu la mawese. "Mpelekee mkwe wangu. Kwenu joto, hayagandi."

Tulimsindikiza stendi. Kaka ameshaweka mguu kwenye ngazi ya basi, akageuka kumtania. "Mama, kile kiapo bado kipo?"

"Kipo," mama akasema. "Lakini siku nikikupigia kwamba nimeshindwa, usikate tiketi. Mtume kwanza fundi auangalie mlango."